Uliza Kocha: Magoli yameongezeka, ila karibu yote yanapita mlango mmoja

Wasomaji wangu, heri ya mwaka mpya. Barua zilizoingia wakati wa likizo ya Krismasi ni nyingi, na karibu nusu yake zinahusu timu za vyuo, jambo ambalo limenifurahisha sana. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika amefanya kazi kubwa kabla ya kuniuliza.

Shikamoo kocha. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na katibu wa michezo katika chuo kimoja hapa Kigamboni. Msimu uliopita timu yetu ya mpira wa miguu ilifunga magoli saba tu katika mechi tisa za ligi ya vyuo, tukamaliza wa sita kati ya timu kumi. Msimu huu tumecheza mechi tano na tayari tuna magoli 13. Tumeshinda 5-0, 3-2 na 2-1, tumetoka sare 2-2, tumefungwa 3-1. Nimeambatanisha orodha ya kila goli. Timu nne za juu zinaingia nusu fainali mwezi Machi, na chuo kizima sasa kinaimba ubingwa. Je, haya ni maendeleo ya kweli? Na tutafika wapi? – Katibu, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Orodha yako imenikalisha mezani jioni nzima. Umeandika goli kwa goli: nani alifunga, pasi ya mwisho ilitoka kwa nani, mpira ulinyang'anywa sehemu gani ya uwanja. Nimefundisha timu za vyuo katika jiji hili tangu mwaka 1991 hadi nilipostaafu, na sikuwahi kupata katibu aliyeniletea kitu kama hiki. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilipanda pantoni pale Magogoni, nikavuka, nikaja kuiona mechi yenu ya sita. Nilikaa upande wa miembe na kaunta buku langu mapajani. Mkashinda 1-0.

Najua wengi walitoka uwanjani wamenuna, wakisema goli moja ni kidogo kwa timu iliyokwisha kufunga matano. Mimi nilirudi nyumbani Magomeni nimeridhika kuliko wote. Nilihesabu mashuti yenu: 15, na kumi kati ya hayo yalipigwa ndani ya boksi. Msimu uliopita niliwahi kuwaona mara moja, na daftari bado ninalo. Siku ile mlipiga mashuti 12, mawili tu ndiyo yalitoka ndani ya boksi. Mengine yote yalitoka mbali, mita 25 au 30, kwenye uwanja wenye mabonde, na mpira ukimfikia kipa umeshadundadunda mara tatu. Goli lina upana wa mita 7.32. Ukiwa hatua kumi kutoka hapo, hata mguu wako mbaya unaweza kuliona. Ukiwa mita 30, unapiga dua.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, maendeleo ni ya kweli. Timu ikibahatisha, magoli huongezeka lakini mashuti hubaki yale yale ya mbali. Kwenu kilichobadilika ni mahali mnapopigia, na mahali hapabadiliki kwa bahati.

Kilichobadilika kabla ya hapo ni kipa. Mwaka jana alikuwa anaupiga mpira juu kila anapoudaka, unapaa mpaka unatisha kunguru, kisha straika wenu mrefu anagombania kichwa peke yake na mabeki wawili. Viungo walikuwa mita 30 nyuma yake. Hata akishinda mpira ule, unamwangukia adui. Sasa kipa anaurusha kwa mkono kwa beki wa kulia, na kutoka pale mnatembea na mpira. Nimeona pia kwamba mkipoteza mpira mbele, watu watatu wanamvamia aliyeuchukua kabla hajainua kichwa. Kwenye orodha yako, magoli matano kati ya 13 yametokana na mipira mliyoinyang'anya kwenye nusu ya wapinzani. Mwalimu wenu mpya kijana amewafundisha hilo, na amewafundisha vizuri. Mpelekee salamu zangu.

Ila roho ya timu hii iko kwa yule beki wa kulia. Sijui kama mashabiki mnamwona, maana hafungi. Winga wenu wa kulia akipokea mpira pembeni, anaingia nao ndani kuelekea kwenye boksi. Beki wa upande ule analazimika kumfuata, na hapo hapo huyu kijana anapita nje kwa kasi, anapewa mpira karibu na kibendera, anainua kichwa, anautuliza chini kwenye njia ya mtu anayekuja kutoka nyuma. Hapigi krosi za juu za kubahatisha. Anatafuta mtu. Mechi ya Jumamosi alipanda hivyo mara 19, nilikuwa naweka alama kila akivuka mstari wa katikati, na dakika ya 80, jua la Januari likiwa bado linachoma na jasho halikauki, alipanda tena na goli likapatikana.

Magoli tisa kati ya 13 ya orodha yako yameanzia upande wake. La Jumamosi ni la kumi.

Sasa tugeuze karatasi, kwa sababu umeniuliza mtafika wapi na wimbo wa ubingwa nimeusikia mpaka kwenye pantoni. Chukua magoli yako 13, toa yale matano ya mechi moja. Timu mliyoifunga 5-0 ilikuja na wachezaji kumi, umeandika mwenyewe pembeni kwa kalamu nyekundu. Yanabaki magoli manane katika mechi nne. Katika mechi hizo hizo nne mmefungwa mangapi? Mawili, mawili, matatu na moja. Manane. Nane kwa nane, katibu. Msimu uliopita, pamoja na ubutu wote ule, mlifungwa magoli sita tu katika mechi tisa. Mmefungua mlango wa mbele mkasahau wa nyuma uko wazi.

Na mlango wenyewe ni ule ule wa kulia. Beki akipanda anaacha uwanja mtupu nyuma yake, na kiungo mkabaji wenu hajui bado kwamba pale ni pake. Magoli mliyofungwa kwenye ile 3-1, nina hakika mawili yalipita huko, ingawa hukuyaandika. Anza kuandika na mnayofungwa. Jumamosi ndiyo mara ya kwanza nilimwona kiungo yule akisogea kuziba kila beki alipopanda, na ndiyo mechi pekee yenye ushindani ambayo hamkufungwa. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya wiki, kuliko goli lenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo timu za mitaani hazina na za vyuo mnalo: kalenda. UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, zinaanza katikati ya Februari. Mna mechi tatu kabla ya hapo, kisha nusu fainali Machi. Mwaka 2009 nilikuwa na timu katika chuo ambacho sitakitaja, ilifunga magoli mengi kuliko timu yoyote niliyowahi kuifundisha. Mpaka Januari hakuna aliyetugusa. Ikaja mitihani, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa, vijana wakawa wanakuja mazoezini hawajala. Kiungo wangu bora akaondoka. Tulicheza nusu fainali na watu wanne ambao walikuwa hawajawahi kuanza pamoja, tukafungwa 2-0 na hatukupiga shuti hata moja ndani ya boksi. Mfumo ulikuwepo ubaoni. Miguu iliyoujua haikuwepo. Nitarudi kwenye mwaka huo huko chini.

Na Machi masika yanaweza kuwa yameanza. Uwanja wenu nimeukagua kabla ya mechi: kona ya kulia upande wa barabara imebonyea, ikinyesha siku mbili panakuwa bwawa. Huko ndiko beki wenu anakokimbilia. Msipokuwa na njia nyingine, mvua itawakabia wapinzani wenu bure.

Utabiri wangu basi. Kwa pointi 13 mlizo nazo na mechi tatu zilizobaki, nusu fainali mtaingia. Hapo naweka jina langu. Ubingwa, leo, hapana. Timu inayoshambulia kwa upande mmoja inapata mpinzani mmoja tu mwenye akili na mambo yanaisha. Nitabadilisha maneno yangu nikiona mambo mawili kabla ya Februari: winga wa kushoto anapewa mpira naye, maana Jumamosi nilihesabu akiugusa mara sita kipindi kizima cha kwanza, na beki wa akiba wa kulia anachezeshwa dakika 90 kwenye mechi moja ya ligi. Mna wiki za kutosha kuyafanya yote. Na wewe endelea na orodha yako.

Kocha, mimi ni straika wa timu ya chuo. Tumecheza mechi tano sijafunga hata goli moja, lakini timu inafunga na kocha bado ananipanga. Hosteli wananiita mtalii. Nimwombe anipumzishe? – Namba tisa, Mbagala

Usimwombe. Kocha anayekupanga mechi tano bila goli anaona kitu ambacho hosteli hawakioni. Nenda ukamuulize ni kitu gani, akuambie kwa maneno, halafu ukifanye mara mbili zaidi.

Unakumbuka Fiston Mayele alipoondoka Yanga mwaka 2023? Alikuwa ametoka kufunga magoli 17 ya ligi msimu wa 2022/23, na hapa mjini watu waliomboleza kana kwamba safu nzima imeondoka naye. Msimu uliofuata Yanga wakachukua ubingwa tena, na mfungaji bora wa ligi akawa Stephane Aziz Ki, kiungo, kwa magoli 21. Kiungo hafungi magoli 21 kama mbele yake hakuna mtu anayewavuta mabeki. Rudi kwenye ile 5-1 dhidi ya Simba, tarehe 5 Novemba 2023 pale kwa Mkapa. Straika Kennedy Musonda alifunga la kwanza mapema. Manne yaliyobaki yalifungwa na Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja na Pacome Zouzoua moja la penalti, yote kipindi cha pili, baada ya kwenda mapumziko 1-1. Mabeki walikuwa wamechoka kukimbizwa. Uchovu wa beki hauandikwi kwenye ubao wa matokeo, lakini mtu fulani ndiye aliyeuleta.

Nikisema hivyo sikupi ruhusa ya kuacha kufunga. Wewe ni straika, goli ni chakula chako, na najua njaa yake. Niliwahi kukaa mechi saba bila goli mwaka 1984 nikiwa kijana Keko, na hata wali wa nyumbani haukuwa na ladha. Baada ya mazoezi baki na mwenzako mmoja. Akupe mipira 20 ndani ya boksi, ya chini, kutoka pembeni, na wewe upige kila mmoja kwa mguso mmoja. Usiutulize. Straika mwenye ukame hugusa mara mbili kwa sababu anataka kuwa na uhakika, na mguso wa pili ndio unaompa beki nafasi ya kuweka mguu. Fanya hivyo wiki mbili, siku nne kila wiki, kisha niandikie.

Kocha, nacheza beki wa kushoto. Mechi ijayo tunakutana na timu moja ya Kigamboni ambayo winga na beki wao wa kulia wanapishana sana. Nitawazuiaje watu wawili peke yangu? – Beki, Ubungo

Huwezi peke yako, na usijaribu. Winga wako wa kushoto lazima arudi na yule beki kila anapopanda. Wewe baki na winga wao, simama upande wa ndani umlazimishe kwenda nje kwenye mstari, maana hatari yake ni akiingia ndani. Mpira ukinyang'anywa, winga wako asisubiri kupumua, akimbie hapo hapo kwenye nafasi iliyoachwa nyuma ya beki wao. Akipanda mara tano na kukuta amekimbiwa mara tano, ya sita atafikiria.

Nimekujibu wazi kama nilivyomjibu katibu wa Kigamboni, kwa sababu nyote ni wanafunzi wangu na nyote mnasoma ukurasa huu.

Salaam kocha. Kijana wangu yuko mwaka wa pili, anasomea uhandisi, na anacheza beki kwenye timu ya chuo. Mpira anaupenda tangu mdogo. Muhula huu testi mbili za hesabu amepata chini ya nusu na koziweki yake ni mbaya. Baba yake amesema mpira basi, jezi amezifungia kabatini. Mtoto haongei na mtu nyumbani, anashika simu tu. Timu inamtegemea na mwalimu wake wa mpira amenipigia mara mbili. Nifanye nini? Tafadhali usitaje chuo. – Mama, Tabata

Mama, asante kwa kuniamini. Chuo sikitaji.

Nimesema kule juu kwamba mwaka 2009 kiungo wangu bora aliondoka. Sikusema aliondokaje. Alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli. Alikuwa kijana mpole wa mwaka wa pili, kama wako, na wiki tatu kabla ya mitihani alikuja ofisini kwangu akaniambia, "Mwalimu, masomo yamenielemea, naomba nipumzike mechi mbili." Nikamwomba acheze. Nilimwambia timu inamtegemea, kwa maneno hayo hayo unayoambiwa wewe kwenye simu. Akacheza, tukashinda zote mbili, akaanguka masomo matatu na hakurudi. Baba yake alikuja kuchukua godoro hosteli na akanishika mkono kunishukuru kwa kumlea mwanawe. Nimekutana na huyo kijana baadaye, ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo na watoto wawili, hanilaumu. Mimi sijasahau mkono wa baba yake.

Kwa hiyo nakwambia kama mtu anayejua bei yake: mwaka huu mitihani inatangulia. Mechi mbili za mwisho kabla ya UE kijana asicheze. Mwalimu wake akipiga tena simu, mpe jibu hilo, na akitaka kubishana mpe namba ya ofisi ya jarida hili anitafute mimi.

Lakini kwa baba yake nina ombi. Jezi zitoke kabatini. Kijana aliyezoea kukimbia jioni ukimfungia ndani hasomi zaidi, anakaa na simu kama ulivyoona mwenyewe. Aende mazoezini siku mbili kwa wiki, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, akirudi aoge, ale, afungue daftari akili ikiwa imetulia. Siku nyingine zote jioni ni za hesabu. Atafute mwenzake wa darasa anayeiweza wakae pamoja. Kwenye kila timu niliyofundisha alikuwepo mmoja wa namna hiyo, na mara nyingi alikuwa kipa. Kaeni mezani watatu, wewe, baba na yeye, na ratiba ya mitihani mbele yenu, muandike siku kwa siku, na baba aweke sahihi yake kama kijana anavyoweka yake.

Nusu fainali ni Machi, UE zitakuwa zimekwisha. Akifanya sehemu yake, siku hiyo acheze, na baba yake aje uwanjani. Mwalimu wa timu ana wiki tatu za kumwandaa mwingine wa kushika nafasi yake kwenye hizo mechi mbili.